Mkono Uliochelewa

Bujumbura, Buyenzi
Jumatatu, baada ya alasiri

Kwa dada yangu Tausi, Ujiji,

Vaa miwani, waambie wote walio uani wanyamaze, hata yule jogoo wako asiyejua saa, kisha soma kwa sauti ya kadhi. Inatangazwa kwa ukoo wote, waliopo na waliosafiri, kwamba mimi Shomari, kitindamimba wenu, fundi magari, mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja na kitambi cha mtu wa sitini, nimeidaka rula kwenye sentimita kumi na tatu. Mashahidi walikuwepo. Mwalimu aliandika daftarini. Mke wangu alipiga kigelegele, ingawa baadaye alisema alikuwa anafukuza mbuzi.

Tangazo limekwisha, watu wanaweza kukaa. Shikamoo, dada. Sasa nipe ya kwako: lile goti linalotabiri mvua linaendeleaje? Shemeji Bakari ameacha kulala na redio kifuani? Na paa la jiko, mmeweka bati jipya au bado mnapika huku mmoja ameshika mwavuli? Usinijibu tena "salama tu" kama barua iliyopita. "Salama tu" huandikiwa serikali. Mimi ni ndugu yako, nataka habari za goti.

Sisi tupo, alhamdulillahi. Zuhura hajambo, anakusalimu sana. Wale dagaa uliotutumia anasema walikuwa watamu, ila ananishtaki kwamba nusu yao niliwala peke yangu nikiwa nimesimama mbele ya kabati. Kesi bado haijaamuliwa. Kuhusu vita, najua ndivyo unavyovitafuta kwa macho tangu mstari wa kwanza. Mwezi huu milio iko mbali, upande wa milimani. Tunaisikia kama jirani anayehamisha makabati. Sokoni watu wananunua, mafundi tunapaka oili hadi masikioni, na saa ya kutotembea ikifika kila mtu ana mlango wake. Usianze kuniandikia nirudi nyumbani kabla hujafika mwisho wa barua.

Umeandika kwamba Mrisho, huyu muuza vitenge anayevuka ziwa kutuletea barua zenu na uongo wake, amekueleza mambo matatu. Kwamba nimekuwa mkimbiaji. Kwamba kila Jumapili napita mitaani nikiwa nusu uchi pamoja na Wakristo. Na kwamba kwa wepesi wa mkono wangu nimemwokoa mtu asipondwe na injini. Unauliza lipi la kweli. La kwanza ni kweli, ukiwa na moyo wa huruma. La pili ni kaptula, dada, kaptula inayofika magotini, na aliyeishona ni Zuhura. La tatu lisubiri kidogo.

Anselmi unamfahamu kwa barua zangu. Ndiye mwenzangu wa garaji, ndiye aliyekupelekea asali mwaka ule. Anakaa Kinama, na kila asubuhi anakuja kwa miguu, mrefu, mwembamba, begi begani, kama mtu aliyetumwa jambo la haraka. Mwaka huu tumetimiza miaka kumi na minane tukifanya kazi chini ya paa moja. Katika miaka ile mibaya kabisa, mtaa wao ulipokimbiwa, yeye na mkewe walilala jikoni kwetu wiki saba. Na Zuhura alipougua siku ambayo hakuna gari lililothubutu kutoka, ni Anselmi aliyembeba mgongoni hadi zahanati. Mimi nilikuwa nyuma nimebeba kandambili zake. Kila mtu na kipaji chake.

Sasa, katika garaji yetu kuna mashine ya mnyororo ya kunyanyulia injini, au tuseme ilikuwepo. Iliharibika wakati ule nchi jirani, ninyi mkiwemo, mlipotufungia mipaka, na kipuri chake hakijapatikana mpaka leo. Kwa hiyo tunatumia kamba na kapi. Injini, ambayo huku tunaiita moteri, inaning'inia juu ya gari. Mmoja anashika kamba iliyozungushwa kwenye nguzo na kuiachia kidogokidogo. Mwingine anaingiza mkono chini ya moteri na kuielekeza ikalie mahali pake. Mwenye kamba ni mimi. Mwenye mkono chini ni Anselmi. Miaka yote imekuwa hivyo, wala hatukuwahi kuijadili, kama vile mume na mke wasivyojadili nani analala upande wa ukuta.

Miezi minne iliyopita tulikuwa tunarudisha moteri ya pikapu. Anselmi kichwa ndani, mkono chini, ananiimbia kama kawaida: "Teremusha... teremusha... pole... simama hapo!" Haikusimama. Ilishuka kiasi cha upana wa kiganja, ikakaa juu ya vidole vyake viwili. Tuliinyanyua watu wanne. Alipotoa mkono, alikuwa mweupe kama unga wa muhogo, wala hakupiga kelele. Watu wakauliza kulikoni. Nikasema, "Ni mkono wangu. Umechelewa. Nimezeeka, jamani."

Wakaniamini mara moja, jambo ambalo lenyewe liliniuma. Hakuna hata mmoja aliyesema, "Apana, Shomari, we bado kijana." Walitazama kitambi, wakatikisa vichwa kwa masikitiko.

Kidole kimoja kilipona. Cha kati hakikunjiki tena, anakinyoosha kama mtu anayeonyesha njia. Aliporudi kazini baada ya wiki tatu, alikuja na Bosko, fundi wa garaji ya upande wa pili, mtu wa miaka thelathini na mitano hivi, mabega kama mlango. Akamkabidhi kamba. Mimi akaniambia kwa upole mkubwa, "Mzee, we shika mambo ya breki na kabureta. Bosko atatusaidia huku."

Breki na kabureta! Dada, ilikuwa kama kumwambia imamu akae nyuma apange viatu. Hakunitukana. Hakupandisha sauti. Tuliendelea kula sahani moja saa sita. Lakini alikuwa anatafuna akitazama barabarani, na zile hadithi zake za shemeji yake mlevi aliacha kunisimulia. Siku moja nikamsikia anamsimulia Bosko, na Bosko hata hakucheka mahali panapochekwa. Hapo ndipo nilipojua nilichopoteza. Kamba mtu yeyote anaweza kushika. Lakini Anselmi hakuwa tayari tena kuweka mkono wake chini ya mzigo ulio mikononi mwangu, na mtu wa namna hiyo huwezi kumwita mwenzako. Huyo ni jirani tu mnayefahamiana sana.

Akatokea Mwalimu Deo. Huyu anafundisha siporo, yaani michezo, kwenye shule moja huko Mutakura, na pikipiki yake hufa kila baada ya wiki mbili kwetu. Aliposikia habari ya mkono uliochelewa, macho yalimwaka kana kwamba ameona almasi.

"Mzee Shomari, si uzee," akasema. "Ni kukaa! Mutu mwenye kukaa, mwili yake inalala. Jicho inaona, kichwa inasema, lakini mukono inapata habari kesho yake. Mutu mwenye kukimbia, habari inafika leo leo."

"Mimi sikai, Mwalimu. Mimi ni fundi."

"Unafanya kazi ukikaa juu ya tairi. Nimekuona."

Akatoa rula ndefu mkobani. Jaribio lake ni hivi, ukitaka kumpima Shemeji Bakari: unafungua kidole gumba na cha shahada, yeye anaiweka rula wima katikati yao, sifuri ikiwa sawa na vidole, bila kukugusa. Kisha bila kukuambia anaiachia. Unadaka. Pale ulipodaka ndipo mkono wako ulipoamkia. Ukidaka karibu na sifuri, u mwepesi. Ukidaka mbali, pole yako.

Alitupima wote wa mtaa ule wa garaji, watu kumi na wawili, wote wazima, na kila mmoja akamuuliza anatembea kiasi gani, anacheza nini, anakaa saa ngapi. Bosko, anayecheza mpira, alidaka karibu kabisa na sifuri. Anselmi, mwendo wake wa Kinama kila siku, tena na kidole kibovu, alikuwa wa tatu. Mziba matairi, anayekaa kuanzia asubuhi hadi jioni, alidaka karibu na mwisho. Mimi rula ilipita yote, ikaanguka kwenye beseni la oili chafu.

Walicheka hadi mteja mmoja akazima gari aje kuona. Anselmi peke yake hakucheka. Alinitazama kidogo, akarudi kazini.

"Voilà, ndiyo hiyo!" akasema Mwalimu, akiikausha rula kwenye suruali yake. "Huyu ndiye mugonjwa wangu. Yumapili, saa kumi na mbili, mbele ya soko."

Sasa nikueleze mchakamchaka wa mji huu, maana si ule wa shuleni kwetu. Huku Jumapili alfajiri, mara tu watu wanaporuhusiwa kutoka, vikundi vinakimbia mitaani kwa mistari, mbele mmoja anaimba, nyuma wote wanaitikia, wengine na filimbi. Utafikiri ni furaha tu. Ni furaha, lakini wimbo una kazi yake. Katika miaka hii, mtu akiona wanaume wanakimbia bila sauti, haulizi wanakimbilia wapi. Anakimbia naye, na duka anafunga. Kwa hiyo tunaimba ili watu waendelee kulala. Sheria ya kwanza ya Mwalimu siyo kuinua magoti. Ni kutonyamaza.

Jumapili ya kwanza nilikimbia hadi kona ya pili, nikaomba kuongea na mawakili wangu. Ya pili nilifika mbali zaidi, kwa sababu kulikuwa na mteremko. Zuhura alinipunguzia ugali, akanishonea hiyo kaptula, na kila nikirudi ananipokea na maji ya ndimu akisema, "Karibu, askari wetu. Vita imekwisha au unarudi tena?" Ya tatu ndiyo iliyonipa jina.

Tulikuwa tumefika Mutakura. Wenzangu wakakata kona mbele, nyimbo zikaenda nao, mimi nikabaki nyuma peke yangu, nahema, siwezi kuimba hata "a". Basi vuta picha: mtaa wa maduka madogo, wanawake wanapanga nyanya na mkaa, na ghafla anatokea baba mzima, amelowa jasho, macho yamemtoka, anakimbia peke yake na anatazama nyuma. Nilikuwa natazama kama kuna mwingine aliyebaki, nipate faraja. Wao hawakujua.

Mama mmoja akainua beseni la nyanya kichwani kwa mkono mmoja na kumnyakua mwanawe kwa mwingine, yote kabla sijafika hatua ya pili. Milango ikaanza: pa, pa, pa, pa. Kinyozi akatoka mbio, na mteja wake nyuma yake, kichwa nusu kimenyolewa. Na mimi, dada, nilipowaona wanakimbia, sikujiuliza. Nikajua wameona kitu nisichokiona. Nikaongeza mwendo! Nikawa nakimbia pamoja na watu wanaonikimbia mimi, na yule kinyozi akipiga kelele, "Wako wapi? Wako wapi?" nami namjibu, "Nyuma! Nyuma!"

Askari wa kwenye kizuizi alitusimamisha wote.

"We mzee, unakimbia nini?"

"Siporo," nikasema, nikiwa nimeshika magoti.

"Siporo ya peke yako?"

"Wenzangu wako mbele."

Akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu, ambavyo kimoja kilikuwa cha Anselmi, nilichokibeba garajini kwa makosa. "Wenye siporo wanaimba. Imba."

Mbele ya mtaa mzima, dada! Na akilini haukunijia hata wimbo mmoja wa Mwalimu. Uliokuja ni ule tulioutunga sisi watoto siku ya harusi yako, wa kumsifu bwana harusi aliyekuja na baiskeli mbili. Niliuimba wote. Kinyozi akaitikia kwa kubahatisha. Askari alicheka hadi akageuka akatazama pembeni, akasema, "Nenda, lakini usinyamaze mupaka kwenu." Yule mama wa nyanya akafungua mlango akanipigia kelele, "Siku ingine lete filimbi, shetani we! Moyo yangu imebaki chini ya kitanda!"

Nilipomsimulia Mwalimu, hakunihurumia hata kidogo. Alisema angemleta yule mama kwenye rula yake, angetushinda sote, Bosko akiwemo.

Tangu siku hiyo garaji nzima inaniita Ambulansi, kwamba nikipita watu wanapisha. Lakini niliendelea. Jumapili ya tano niliimba na kukimbia kwa wakati mmoja. Ya nane kaptula ilihitaji mkanda. Kila Jumatano Mwalimu alikuja na rula, akaandika, na kila wiki namba yangu ilishuka kuelekea sifuri, hadi Jumatano iliyopita nikaidaka kwenye kumi na tatu na watu wakanibeba juujuu. Mrisho alikuwepo, amekuja kufuata gari lake. Akachanganya rula, vidole vya Anselmi, na shangwe, akakuuzia kwa bei ya jumla.

Na Anselmi, aliyekuwa amesimama pembeni akifuta mikono, alisubiri kelele zitulie, akasema, "Bon, sawa. Yumatatu kuna moteri ya kurudisha. Shomari atashika kamba. Bosko, asante sana, we rudi kwenu."

Basi, dada. Nisalimie Shemeji Bakari, seremala wangu nimpendaye, mwambie meza aliyoniahidi nilipooa bado naisubiri. Nisalimie shangazi Mgeni, msuka mikeka, ambaye najua atasema kukimbia kwa umri wangu ni kutafuta kaburi kwa miguu. Nisalimie binamu Sefu muuza mafuta ya taa na mkewe mshona kofia, na mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, kama bado anakumbuka aliyemfichia kiboko, mwambie ni Sefu. Zuhura anatuma kitenge kwa ajili yako, cha kijani. Ukiona kimefika chekundu, muulize Mrisho.

Hapa nilikuwa nimeshatia sahihi, utaona nilipoifuta. Mrisho hajaja kuchukua barua, na karatasi ina upande mmoja mtupu, na nimeona siwezi kuutuma hivyo. Ukurasa huu usiusome kwa sauti.

Siku ile ya pikapu, mkono wangu haukuchelewa.

Anselmi alikuwa anasema "teremusha, teremusha", na mimi nilikuwa naachia vizuri. Kwa mziba matairi, pale ng'ambo ya njia, tairi likapasuka. Paa! Mlio mmoja. Kabla sijajua nimesikia nini, kamba nilikuwa nimeshaiachia na kifua changu kilikuwa mchangani, chini ya meza ya vyuma, mikono juu ya kichwa. Neno "simama hapo" nililisikia nikiwa huko chini. Wengine wote walikuwa bado wamesimama, ndiyo kwanza wanageuza shingo kutazama barabarani. Kwa wepesi hakuna aliyenishinda siku ile, dada. Nilikuwa wa kwanza. Niliiona miguu ya Anselmi mbele ya pikapu, imesimama tu, haiendi popote, nikasikia ananiita jina langu, si kwa kelele, kama mtu anayekuomba umpitishie chumvi. Nikatoka chini ya meza kabla hajageuza kichwa. Hakuna aliyeniona. Na walipouliza, uongo ulitoka wenyewe, nao ulikuwa mwepesi kama mimi: mkono umechelewa, uzee.

Nilipendelea waniite mzee kuliko waniite mtu aliyemwacha mwenzake.

Ile rula iliyoanguka kwenye oili niliiacha makusudi. Ningeidaka mapema, uongo wangu ungekufa pale pale mbele ya watu kumi na wawili. Zile namba zilizoshuka kila wiki nilizishusha mimi, kidogokidogo, kama ninavyoachia kamba. Nilikubali kukimbia kwa sababu nilidhani mtu akiteseka vya kutosha Jumapili, deni la aina hii linafutika bila kulitaja. Halafu Anselmi akanirudishia kamba kwa sababu ya namba ya uongo.

Jana baada ya mbio nilimwambia Mwalimu. Alifungua daftari, akapiga mstari juu ya jina langu. "Umeniharibia mugonjwa wangu bora," akasema. Kisha akanionyesha namba za wengine. Waliokimbia kwa kweli wamesogea kidogo, mziba matairi akiwemo. Wasiokimbia wako palepale. "Si muujiza," akasema, "lakini iko. We peke yako ndiyo sijui." Hata mimi sijui, dada. Mwili wangu ni mwepesi kuliko zamani, nalala vizuri, napanda ngazi za msikiti bila kusimama. Lakini kama mkono umefaidi, siwezi kusema, maana mahali pa kuanzia nilipafuta mwenyewe.

Leo asubuhi moteri ilikuwa inaning'inia. Nilikuwa nimezungusha kamba kwenye nguzo. Anselmi akakunja mkono wa shati.

Nikasema, "Anselmi, kabla hujaingiza mkono, nina neno."

"Sema."

"Siku ile sikuchelewa. Niliachia. Tairi lilipasuka, mimi nikajitupa chini ya meza, nikakuacha."

Akachukua kitambaa, akafuta spana ambayo ilikuwa safi.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua?"

"Mutu akichelewa, kamba inateremuka inavuta-vuta. Ile ilikuja yote mara moja. Mi ni fundi, Shomari."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningesema nini? Nilikuona unakimbia kila Yumapili. Nikasema, wacha akimbie, siku moja atafika. Yumatano nikakurudishia kamba, nione kama umefika."

Nikamuuliza kwa nini basi alimleta Bosko, kama kosa lilikuwa tairi.

"Bosko nilimuleta juu ya vile ulinidanganya. Kuogopa, hata mi naogopa. Siku ile mi pia ningelala chini, ila mukono ilikuwa imeshikwa."

Nadhani nililia kidogo, lakini garaji ina vumbi, weka hivyo.

"Na leo kikilia kitu?" akaniuliza.

Nilitaka kumwambia sitaachia. Nilitamani sana. Nikasema, "Sijui."

"Bon," akasema. Akaenda uani, akarudi na vipande viwili vya mti wa mkaratusi, akaviweka chini ya moteri, kimoja huku na kimoja kule, akavigonga na nyundo hadi vikakaa imara. Mimi nikaizungusha kamba mara ya pili kwenye nguzo. Akanitazama. Akaingiza mkono, ule ule wenye kidole kisichokunjika.

"Teremusha," akasema.

Nikateremsha.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, dada. Mrisho anabisha hodi.

Ndugu yako anayekupenda,
Shomari